Matembezi ya Mzee Taratibu

Asubuhi hiyo mshonaji mapazia alifika kwenye kituo cha magari ya farasi akiwa amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu anayeingia benki. Waendesha magari walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi wa uwanja, wakinywa chai na kubishana mambo ya mpira. Walipomwona wakasimama wote. Mumewe alikuwa mwenzao, tena mkubwa wao, na tangu aanguke kwa kiharusi walikuwa hawajui wamwambie nini mke wake.

"Karibu, shemeji. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nimekuja kukodi gari."

Wakacheka, halafu wakaona kwamba yeye hacheki.

"Gari la nini?" aliuliza yule waliyemwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wote.

"La kutembelea mji. Si ndiyo kazi yenu? Watu wawili, peke yetu, bila kuchanganywa na mtu. Keshokutwa asubuhi. Utatuchukua mlangoni kwangu, utapita mtaa wa wafua shaba, uzunguke uwanja, utokee lango la kaskazini."

"Nje ya lango la kaskazini hakuna kitu cha kutazama, shemeji. Kuna hospitali tu."

"Ndipo utakaposimama."

Mrefu akamvuta kando, karibu na farasi waliokuwa wakitafuna majani kwenye mifuko iliyoning'inia shingoni mwao. "Ungesema tu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nitamchukua bure. Yule ni kaka yangu."

"Ukimchukua bure atajua. Atakusoma usoni. Mtu yule hajawahi kubebwa bure tangu azaliwe, hawezi kuanza leo mdomo umepinda. Nitalipa kama mteja, na wewe utavaa lile koti la vifungo unalowavalia wageni."

Akafungua mkoba na kumpa pesa mbele ya wenzake wote, ili wawe mashahidi. Mrefu alizipokea kwa mikono miwili bila kuzitazama, akazitia mfukoni haraka kama mtu aliyeokota kitu cha watu.

"Jambo moja," mwanamke alisema. "Uje na farasi wako mwekundu. Usije na Bibie."

Mrefu akainamisha kichwa. "Hujamwambia mpaka leo?"

"Nitamwambia akipona."

"Na asipopona?"

"Wewe Mrefu, mdomo wako ndio mrefu, kimo kilikushinda. Njoo na mwekundu."

*

Mumewe walimwita Mzee Taratibu. Neno hilo alikuwa akimwambia farasi wake kila walipokata kona, akawaambia abiria walipopanda na waliposhuka, na nyumbani akamwambia mkewe alipokuwa anakatakata vitunguu. Sasa hata hilo alikuwa hana. Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "basi".

Alilitumia kwa kila kitu. Basi fupi ilikuwa hapana. Basi ya kuvutwa ilikuwa chai. Basi ya puani ilikuwa tusi, na mkewe alikuwa ameyazoea matusi hayo kiasi kwamba alikuwa akiyajibu. "Na wewe pia," alimwambia, kisha akamgeuza ubavu wa pili.

Walikaa ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga, ndani ya kuta za mji wa kale. Mitaa ya huko ni ya mawe na ni myembamba. Magari ya injini hayaruhusiwi, na mtu hutembea kwa miguu, au kwa mkokoteni, au kwa farasi. Siku alipoanguka, wanaume wanne walimshusha ngazi wamemshika kila mmoja kiungo chake, mchana kweupe, suruali imelowa, majirani wamesimama milangoni na mikono midomoni. Alikuwa bado anaona. Tangu arudishwe nyumbani hakukubali kushuka tena. Binti yao, aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya wageni, alinunua kiti cha magurudumu. Baba yake alikitupia ndara, na kiti kikaishia kukunjwa chini ya ngazi.

Dada wa mazoezi pale hospitalini alikuwa amemwambia mshonaji waziwazi: "Mama, mguu haungoji. Usipofanyishwa kazi sasa utakauka hivyo hivyo ulivyo. Mlete, hata kama ni kwa mkokoteni wa mkaa."

"Lakini mama, kweli?" binti alilalamika jioni ile aliposikia habari za gari. "Unalipa bei ya wageni kwa safari ya kwenda hapo tu?"

"Baba yako hatashuka kwa ajili ya mguu. Kwa ajili ya gari labda atashuka."

"Na akijua kuhusu Bibie?"

Mama alikata uzi kwa meno.

Bibie alikuwa farasi jike wa kijivu, na kwa miaka yote ya ndoa ile mshonaji alimwita mke mwenzangu. Mzee Taratibu alikuwa harudi nyumbani kabla hajamlisha Bibie, wala hali chakula kabla hajasema Bibie amelala vipi. "Nenda kalale kwa mkeo mkubwa," mshonaji alikuwa akimwambia, na mume akicheka mpaka machozi. Hata sasa, kila jioni, aligeuza macho upande wa dirisha na kusema, "Basi?" kwa sauti ya kupanda. Mkewe alijua anauliza nini. "Mke mwenzangu amekula, amelala," alimjibu. Haikuwa uongo. Ila Bibie alikuwa akila na kulala katika banda la Mrefu, kwa kuwa alikuwa mali ya Mrefu tangu wiki ile mgonjwa alipokuwa hajitambui.

Usiku uliotangulia safari, mshonaji aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Kesho tunatoka," alisema. "Nimekodi gari. Miaka yote hii nimekushonea vitambaa vya viti, sijakalia hata kimoja. Kila nikikuomba unasema viti ni vya wanaolipa. Haya, nimelipa. Nataka kutembezwa, na sitaki kutembea peke yangu kama mjane."

"Basi," alisema mumewe, na haikuwa ile fupi.

*

Alimnyoa mapema, akamvisha shati jeupe ambalo alikuwa amelibadilisha vifungo ili lifungwe kwa mkono mmoja. Alikuwa anamchana nywele wakati Mzee Taratibu alipoinua kichwa ghafla. Mke hakuwa amesikia kitu bado. Kisha naye akasikia: kwato zikipiga mawe, zikija kutoka kona ya chini. Akauona uso wa mumewe ukibadilika, naye akaelewa. Mtu aliyefuata mwendo wa farasi mmoja nusu ya umri wake hahitaji kumwona ili amjue.

Mzee Taratibu alishika ukingo wa dirisha kwa mkono mzima na kukiburuta kiti alichokalia mpaka akaona barabara. Chini pale alisimama Mrefu ndani ya koti la vifungo, na Bibie amefungwa kwenye gari la mtu mwingine, na manyoya mekundu ya mtu mwingine kichwani. Mrefu alipowaona dirishani aliinua mikono yote miwili.

"Mwekundu ameamka anachechemea, shemeji! Nifanyeje?"

Mzee alimtazama farasi, akalitazama gari, kisha akageuka kumtazama mkewe aliyesimama na kitana mkononi.

"Basi?"

"Nilimuuza," alisema mkewe. "Ulikuwa umelala hujijui. Hospitali walitaka pesa kwanza, dawa baadaye. Nikatazama chumba hiki chote, cherehani, kabati, masufuria. Hakuna kitu ambacho mtu angekinunua siku ile ile isipokuwa yeye. Halafu ukafumbua macho, ukamuulizia. Nikaogopa. Nikasema nitakwambia ukipona."

Mzee Taratibu alikipiga kiti kwa ngumi ya kushoto. Akasimama, au alijaribu. Akashika kabati, kabati likayumba, akaenda chini polepole mpaka akakaa sakafuni. Mkewe alimkimbilia, mume akausukuma mkono wake. Akajiburuta hadi mlangoni. Akafika kwenye ngazi, akatanguliza mguu mzima, akauvuta ule mwingine kwa suruali, akashuka kwa makalio daraja la kwanza. Kisha la pili.

Milango ikafunguka. Mama mmoja aliyekuwa akipanda na beseni la nguo akajibana ukutani. Binti alikuwa chini, amekuja kusaidia kubeba. Alipomwona baba yake akishuka vile akaanza kulia, lakini mama yake alimtolea macho kutoka juu, akanyamaza. Hakuna aliyesema pole. Ulikuwa wema wao mkubwa wa siku hiyo. Shati jeupe lilikwisha kuchafuka mgongoni alipofika mlango wa barabarani.

Mrefu aliruka kumsaidia. "Basi!" aliambiwa, ile fupi, naye akabaki alipo. Mzee alijishika kwenye gurudumu, akajiinua, akaegemea ubavu wa gari na kwenda hivyo mpaka kwa Bibie. Akampitisha mkono shingoni, chini ya kola ya ngozi, tumboni, mahali pote ambapo farasi wa mtu mvivu huota vidonda. Hakukuwa na kidonda. Tena alikuwa amenenepa, na nywele zake za shingo zilikuwa zimechanwa. Bibie alimnusa kifuani, akampaka povu la kijani kwenye shati, akaendelea kutafuna. Farasi hana habari za nani alimuuza na nani alimnunua. Mzee alimwegemezea paji la uso shingoni, akakaa hivyo.

"Namtunza, kaka," Mrefu alisema. "Sijamchapa hata mara moja. Niliogopa ungejua."

Mzee Taratibu aliinua kichwa, akanyoosha mkono kwenye kiti cha mbele, cha mwendeshaji. Mrefu alisogea. Mzee aliweka mguu mzima kwenye kikanyagio, akavuta. Mwili haukufuata. Akavuta tena. Majirani walianza kutazama mambo mengine: mmoja akatazama juu kana kwamba mvua inakuja, mwingine akakuta uzi kwenye mkono wa nguo yake. Mzee akashusha mguu. Alibaki ameshika chuma kwa muda, kisha akaonyesha kiti cha nyuma, cha abiria.

Safari hii alikubali kushikwa. Mrefu alimshika kiuno na binti akamshika miguu. Mshonaji alipanda mwisho, akakaa kiti kinachotazamana na cha mumewe, mgongo kwa farasi. Hakujua kama anatakiwa karibu.

*

Mrefu alikuwa ameagizwa awachukue kama wateja, na mtu yule agizo alilishika kwelikweli. Walipokata kona ya kwanza alikohoa na kuanza: "Mabibi na mabwana, upande wenu wa kulia ni nyumba ya jaji wa zamani, aliyekuwa na madirisha arobaini na mke mmoja..."

"Basi," alisema mzee kwa dharau.

"Ah. Upande wa kushoto, samahani. Upande wenu wa kushoto."

Mshonaji alicheka kwa kushtukia, akafunika mdomo. Mumewe hakumtazama. Alitazama mtaa ukipita pembeni, jinsi abiria wanavyouona, na pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona hivyo. Katika mtaa wa wafua shaba nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mafundi walitoka milangoni, wakifuta mikono kwenye aproni, wakainua vidole gumba. "Mzee! Mzee Taratibu! Leo bosi!" Yeye aliitikia kwa kichwa, mgongo ameunyoosha. Wageni wawili wenye kofia pana waliwapiga picha, wakidhani ni sehemu ya vivutio vya mji.

Mshonaji alikuwa amekaa kwa hofu, magoti pamoja, mkoba mapajani. Alikuwa anatafuta la kumwambia mumewe na halipati. Kisha gari likapita chini ya nyumba za matajiri karibu na mnara wa saa, na kutoka pale kitini, juu kuliko mtu anayetembea kwa miguu, akaona kitu kilichomfanya asahau ugomvi wao wote.

"Yale ya kijani ni yangu!" alisema.

Mzee akageuza macho.

"Yale mapazia! Nilishona mwaka wa mafuriko. Sijawahi kuyaona yametundikwa, wao huja kuchukua tu. Na yale ya maua pia, yale pale, dirisha la kona. Ee! Tazama! Wameyatundika kichwa chini! Maua yote yanaangalia sakafu! Pesa wanazo, macho hawana!"

Alisimama kidogo kitini ili aone vizuri. Gari likayumba, Mrefu akapiga kelele za onyo, naye akaangukia upande wa pili, karibu na mumewe. Alipotaka kurudi kwake aliona nusu ya mdomo wa mzee, ile nusu nzima, imepanda juu. Akabaki alipo. Wakaendelea hivyo, yeye akionyesha kwa kidole, mume akifuata kidole, dirisha baada ya dirisha, mapazia ya miaka mingi ambayo aliyajua kwa upindo wake tu.

*

Kwenye lango la kaskazini mgambo alitoka kibandani na kuinua mkono. Alikuwa kijana mwenye sare mpya na filimbi ambayo bado inang'aa.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunatembeza wageni," alisema Mrefu.

Mgambo alichungulia ndani. Aliuona mkono uliolala mapajani kama kitu kilichosahauliwa na mtu, akauona mdomo. "Huyu ni mgonjwa. Kibali chako ni cha matembezi, si cha kubeba wagonjwa. Mgonjwa akifia humo ndani, nani ataulizwa? Rudini, tafuteni machela."

"Mgonjwa nani?" mshonaji aliuliza. Sauti ilitoka kali. "Sisi ni mtu na mkewe, tumekodi gari, tumelipa, tunatazama mji. Kuna sheria inayokataza?"

"Mama, mimi nina macho. Huyu hata hajiwezi. Wewe ni muuguzi wake?"

"Mimi ni mkewe."

"Kila mtu husema hivyo langoni." Kijana akamwinamia mzee, akapaza sauti kama anayesema na kiziwi au mtoto. "Mzee! Unanisikia? Huyu mama ni nani wako?"

Mrefu alikaza hatamu, masikio yamemwiva. Nyuma yao mikokoteni ilikuwa imeanza kupanga foleni, na wenye mikokoteni walikuwa wakinyoosha shingo kutazama. Mshonaji alifungua mdomo ajibu, kisha akahisi kitu kwenye mkono wake. Mumewe alikuwa ameuvuka mwili wake mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kumshika. Hakuwa amemshika hivyo tangu aanguke. Uso wake ulikuwa umejikunja, koo lilipanda na kushuka, mishipa ikatoka shingoni, na neno likaja, zito, limevunjika katikati.

"Wa... ngu."

"Nani?" mgambo akauliza.

"Wangu," alisema Mzee Taratibu. Akavuta pumzi. "Wangu, basi!"

Mtu wa mkokoteni wa kwanza akapasuka kicheko. "Umesikia, afande? Ni wake, basi! Fungua njia, nyanya zangu zinaiva zaidi!" Wengine wakapokea, foleni nzima ikawa inacheka na kupiga miluzi. Mgambo aliona haya. Akatazama filimbi yake, haikumpa ushauri. Akarudi nyuma hatua moja na kupunga mkono wapite.

Mshonaji hakuona lango walivyolipita. Alikuwa analia na kucheka, pua inamtiririka, na mkono wa kujifutia ulikuwa umeshikwa.

*

Dada wa mazoezi hakuwa na maneno mengi. Alimsimamisha mzee kati ya vyuma viwili na kumwambia asimame. Akasimama, akaanguka mikononi mwake, akasimamishwa tena. Jasho lilimtoka, matusi ya puani yakamtoka, na dada yule akayapokea kama mkewe alivyoyapokea. Mwishoni alimgeukia mshonaji. "Mmechelewa," alisema, "lakini hamjachelewa sana. Mguu unasikia. Hataendesha farasi kesho wala mwezi ujao. Kutembea, nadhani atatembea. Na hilo neno jipya, mlazimisheni alitumie."

Mrefu aliwarudisha mpaka mlangoni, akakataa kuongezewa hata senti, akasema wateja wa kwenda na kurudi hulipa mara moja. Kabla ya kuondoka alijikuna kisogo. "Kaka, nikileta Bibie hapa chini jioni jioni ukamtazama kwato, itakuudhi? Mimi kwato zinanishinda."

Mzee alifikiri. "Basi," alisema. Mrefu alimtazama mshonaji apewe tafsiri.

"Amekubali," alisema mshonaji.

Kupanda ngazi kulikuwa kugumu kuliko kushuka. Mzee alipanda kinyumenyume kwa makalio, mkewe akimsukuma nyayo kutoka chini, na walipofika katikati nguvu zikawaishia wote wawili. Wakabaki pale pale kwenye daraja, wamekaa. Binti akawaletea birika na vikombe. Giza lilikuwa linaingia, harufu ya mapishi ya kila chumba ikishuka ngazi.

Hapo ndipo mshonaji alipomsimulia yote: jinsi alivyokwenda bandani peke yake, jinsi Mrefu alivyokataa kwanza, jinsi alivyomwomba mpaka akamshika miguu, na jinsi Bibie alivyogeuka kumtazama alipokuwa anaondoka na pesa. "Nikasirikie ukitaka," alisema. "Nikasirikie hata mwaka mzima. Lakini nikasirikie ukiwa hai." Mumewe alisikiliza bila kuondoa macho usoni mwake. Chozi lilimshuka upande usiohisi, hakulijua, na mkewe akalifuta. Kisha mzee akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Mlango wa ghorofa ya juu ulifunguliwa, na mlinzi wa kiwandani, mpangaji mwenzao, akashuka na tochi yake kwenda kazini. Aliwakuta wameziba njia, akasimama, asijue kama ni heshima kupita au kurudi.

"Samahani, Mzee," alisema. "Napita tu."

Mzee Taratibu aliushika mguu wake mbovu kwa mkono, akauvuta kando kumpisha. Halafu, jamaa alipokuwa anaruka kwa uangalifu, akamgonga gotini na kumwonyesha birika kwa kidevu. Mlinzi aliitazama saa yake. Akaketi daraja la chini yao, akapewa kikombe, na siku hiyo kiwanda kikangoja.